Nasaba ya Ua la Usambara: Tusitafsiri Kosa

Ndugu malenga na wapenzi wa lugha, lipo ua la kwetu ambalo limekaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani kwa zaidi ya karne moja. Limependwa, limezalishwa kwa rangi ambazo kwao msituni halikuwa nazo, limeundiwa vyama vya wapenzi wake; ilhali katika ushairi wa Kiswahili halijapewa hata mkeka wa kukalia. Waingereza huliita violeti ya Afrika, Wajerumani huliita violeti ya Usambara. Mfasiri wetu wa haraka, akikutana nalo kitabuni, hufungua kamusi na kuandika "urujuani wa Afrika", kisha husonga mbele. Hoja yangu ni kwamba jina hilo ni kosa la watu wengine, na kosa la mtu halitafsiriwi. Huachwa kwake.

Nalisema hili nikiwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Nsemulwa hapa Mpanda, mbali sana na milima ya Usambara. Msishangae. Suala la jina na nasaba halina mkoa, na nitaonyesha kwamba linatugusa hata sisi wa nchi ya miombo.

Tuanze na namna jina lilivyozaliwa. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliupata mmea huu na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover aliuandikia maelezo ya kisayansi na kuuita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni ukoo wa yule ofisa. La pili limeundwa kwa Kiyunani, na maana yake ni "wenye maua kama ya violeti".

Tazameni vizuri, malenga: Wendland alisema "kama". Alitumia tashibihi. Wauza maua wakaifuta ile "kama", tashibihi ikawa sitiari. Na watu walipoisahau sitiari, wakaamini kuwa ua hili ni violeti kweli. Kila mshairi anaijua hatari hiyo. Ukimwambia mpenzi wako kuwa ni mwezi, hapandi juu angani. Lakini jina likishaandikwa sokoni na vitabuni, watu hupanda nalo.

Violeti za kweli ni jamii ya Viola, na katika nyanda za juu za Afrika Mashariki tunazo, mojawapo ikiwa Viola abyssinica, mmea mdogo wa sehemu za baridi. Hizo zimo katika oda iitwayo Malpighiales, ambamo mna muhogo, mbono, pasheni na baadhi ya mikoko ya pwani. Ua la Usambara limo katika familia ya Gesneriaceae, ndani ya oda ya Lamiales. Na jamaa zake humo ni ufuta, msaji, rehani na asumini. Matawi hayo mawili ya ukoo wa mimea yaliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Kwa hiyo violeti ya kweli ni jamaa ya muhogo, na ua la Usambara ni jamaa ya asumini. Washairi wetu wameimba asumini na rehani kwa karne nyingi bila kujua kuwa jamaa yao wa milimani ameketi mwambani, kivulini, akingoja kualikwa.

Swali la haki ni hili: wanasayansi wamejuaje? Zamani walitazama umbo: idadi ya petali, mkao wa majani, namna tunda linavyopasuka. Njia hiyo si ya kudharauliwa, kwani ndiyo iliyouweka mmea huu katika familia yake tangu mwanzo. Lakini umbo hudanganya katika mambo ya undani, na ndipo siku hizi husomwa vinasaba. Naomba mlipende neno hili, kinasaba, kwa sababu limebeba "nasaba" tumboni mwake. Ni istilahi iliyoundwa kwa akili ya lugha yetu, nayo inaeleza jambo kuliko lile linalofasiriwa.

Kinasaba ni andiko lenye herufi nne tu: A, C, G na T. Ndani ya seli ya jani yamo maandiko zaidi ya moja. Lipo kubwa, la kiini cha seli. Lipo pia dogo, lililomo ndani ya kloroplasti, yaani vile vichembe vya kijani vinavyofanya kazi ya usanisinuru, ambavyo mimi hupenda kuviita viwiti kwa kukumbuka neno letu la zamani, chanikiwiti. Andiko la kloroplasti lina faida kwa mtafiti: ni fupi, limo kwa nakala nyingi katika kila seli, na halibadiliki upesi. Mimea ya kwanza kusomwa andiko hili kwa ukamilifu ilikuwa miwili, yote mwaka 1986, na mmoja wao ulikuwa tumbaku, uliosomwa na watafiti wa Japani. Wakulima wa tumbaku wa huku Mpanda na jirani zetu wa Tabora huenda wasijue kuwa jani wanalolikausha lina heshima hiyo katika historia ya elimu. Andiko lake lina herufi zipatazo 156,000.

Zamu ya ndugu wa ua la Usambara ilifika mwaka 2018. Katika kilima cha Mbololo, Taita, nchini Kenya, huota spishi iitwayo Streptocarpus teitensis, ambayo imo katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Kundi la watafiti wa Kenya na China lilichapisha mwaka huo andiko zima la kloroplasti yake: herufi 153,207. Ukiandika herufi 1,500 kwa kila ukurasa, hicho ni kitabu cha kurasa 100 na ushei. Si kitabu chenye mwanzo na mwisho, bali kina umbo la mduara, kama ushanga. Ushanga huo una sehemu nne: moja ndefu yenye herufi 84,103, moja fupi yenye herufi 18,300, na kati ya hizo sehemu mbili pacha, kila moja ikiwa na herufi 25,402, zilizopangwa kwa kugeuziana uso. Mpango huo wa sehemu nne ni wa kawaida katika mimea mingi, na ni faraja kwa mtunzi: hata ndani ya jani pana bahari yake, na pana kibwagizo.

Kusoma andiko hilo ni kazi inayofanana na kazi ya mhariri wa miswada. Jani huchukuliwa, vinasaba hutolewa, kisha hukatwa vipande vidogo vidogo visivyohesabika kwa urahisi. Mashine husoma kila kipande. Kompyuta hutafuta vipande ambavyo mwisho wa kimoja unalingana na mwanzo wa kingine, na kuviunganisha hadi mduara utimie. Baadaye andiko hupangwa mstari kwa mstari sambamba na maandiko ya mimea mingine, na tofauti zikahesabiwa.

Hapa wanafilolojia wetu watatabasamu, maana hiyo ni kazi yao. Inkishafi imetufikia kwa nakala kadhaa za mkono zinazotofautiana. Anayetaka kujua nakala ipi ilinakiliwa kutoka ipi hatazami uzuri wa mwandiko wala rangi ya wino. Hutazama makosa yanayoshirikiwa: nakala mbili zikiwa na neno lilelile lililopotoka mahali palepale, hukisia kuwa zina mzazi mmoja aliyepotoka kwanza. Wanabiolojia hutenda vivyo hivyo kwa herufi zilizobadilika. Undugu huthibitishwa na mabadiliko yanayorithiwa kwa pamoja. Kufanana kwa sura ya nje ni fununu tu.

Andiko la Mbololo lilipopangwa pamoja na ya wengine, lilikaa ndani ya Gesneriaceae, katika oda ya asumini na ufuta. Na huo haukuwa ushahidi wa kwanza. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk, waliokuwa Edinburgh, walitumia sehemu ya andiko la kiini cha seli na kuonyesha kuwa Saintpaulia si jenasi inayojitegemea, bali ni tawi lililochipuka ndani ya jenasi kubwa ya Streptocarpus. Mwaka 2015 wataalamu wakalikubali jambo hilo rasmi, wakaiingiza Saintpaulia yote ndani ya Streptocarpus. Jina la Baron likashushwa cheo: halitaji tena jenasi, linataja kundi dogo ndani yake.

Kuna kichekesho hapa ambacho wapenzi wa maneno watakifurahia. Streptocarpus maana yake kwa Kiyunani ni "tunda lililosokotwa", na jamaa wengi wa jenasi hiyo kweli wana matunda yaliyosokotwa kama kamba. Ua la Usambara halina tunda la namna hiyo. Jina la zamani lilisifu umbo likakosea nasaba. Jina jipya limesadifu nasaba, halisemi kweli kuhusu umbo. Wanasayansi hawakubabaika. Walichagua nasaba.

Nasi katika Kiswahili tumekwisha kupita njia hiyohiyo, kwa maumivu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kuwa Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganyika, kwa hoja kuwa kina kitabu, kalamu, wakati na habari. Hoja hiyo ilitazama petali. Wanaisimu waliochimba zaidi walitazama ngeli, viambishi vya kitenzi, na mabadiliko ya sauti yanayofuata kanuni. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Sabaki, waliziweka lugha hizo katika ukoo mmoja: Kielwana, Kipokomo, Kimijikenda, Kikomoro na Kiswahili. Maneno ya kuazima ni pambo la thamani, lakini hayabadilishi mzazi. Kinyume chake pia ni kweli. Kiingereza kina neno "bad" lenye maana ya "baya", na Kiajemi kina neno "bad" lenye sauti na maana hiyohiyo, na wanaisimu wanajua kuwa maneno hayo mawili hayana uhusiano wowote. Ni violeti ya Afrika katika kamusi.

Nakiri mpaka wa mfano wangu: lugha huazimana kwa wingi na wepesi ambao mimea haina. Hata hivyo, kloroplasti yenyewe ina kisa kinachotukaribia mno. Kichembe hicho hakikuwa sehemu ya mmea tangu mwanzo. Kilitokana na kiumbe kidogo kilichoishi peke yake na kujua kutumia mwanga wa jua. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita kikaingia ndani ya seli ya mwingine, kikabaki humo. Ndiyo sababu hadi leo kina andiko lake lenyewe. Lakini jeni zake nyingi zimehamia katika kiini cha seli ya mwenyeji, na sasa hakiwezi kurudi kilikotoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone: bila mgeni huyu pasingekuwa na jani la kijani duniani. Linganisheni na neno "kitabu". Liliingia kwetu kama mgeni kutoka Kiarabu, ambako "ki" yake ni sehemu ya mzizi. Kiswahili kiliisikia "ki" hiyo, kikaiweka katika ngeli, kikasema "vitabu". Mgeni akawa mwana wa nyumba, anatii sarufi ya nyumba. Anayedhani kuwa asili na ugeni ni maadui na atazame jani, kisha atazame kamusi.

Kuna tahadhari moja ambayo watafiti wenyewe huitoa. Katika mimea mingi inayotoa maua, kloroplasti hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa hiyo andiko lake hueleza mstari wa mama tu, na pale spishi mbili zilipozaliana, habari za baba hutafutwa katika andiko la kiini. Wenye busara husikiliza mashahidi wote wawili kabla ya kutoa hukumu. Laiti sisi tunaobishana kuhusu asili ya neno fulani, kila mmoja na kamusi moja mkononi, tungekuwa na subira hiyo.

Sasa nijibu pingamizi mbili ninazozitarajia. Ya kwanza: jina ni jina tu, ua halitanyauka kwa kuitwa urujuani. Kweli, ua halitanyauka. Atakayepungukiwa ni mwanafunzi. Kwetu urujuani ni rangi. Ukisema "urujuani wa Afrika", umemwambia mtoto mambo mawili ya uongo: kwamba mmea huu ni rangi, na kwamba asili ya aina yake iko kwingine, huku wetu ukiwa ni tawi la Kiafrika la kitu cha Ulaya. Umemfanya mwenyeji kuwa nakala ya mgeni. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sikujua kama hata maua yanaweza kutiwa utumwani kwa kivumishi.

Pingamizi ya pili: mambo ya jenomu hayana nafasi katika ukumbi wa ushairi. Nasema nafasi ipo, na ni ya haraka. Andiko la mmea wa Mbololo limehifadhiwa katika kompyuta, herufi zote 153,207. Lakini andiko si mmea. Kamusi ya lugha iliyokufa haimwimbii mtoto usingizi. Mimea ya kundi hili huishi kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti, na nyingine zina makazi madogo mno. Mti wa juu ukikatwa, jua huingia, mwamba hukauka, na ua huondoka bila kishindo. Watu hukitetea kwa urahisi kitu wanachokiita kwa jina, na kazi ya kuvitia vitu majina yanayokaa moyoni imekuwa ya malenga tangu lugha ianze.

Hata hapa Katavi deni hilo lipo. Vijana wengi wa mjini Mpanda wanaijua mninga kama mbao ya kitanda, hawaijui kama mti wenye maua ya manjano. Wachache wamewahi kuambiwa kuwa mninga, pamoja na miti mikuu ya miombo, ni ya familia moja na maharage, ingawa tunda la mninga ni duara lenye ubawa na manyoya magumu, wala halifanani na ganda la maharage sokoni. Umbo na nasaba, tena. Wazee wa Kibende, Kipimbwe na Kikonongo wana majina ya miti, nyasi na maua ambayo hayajaandikwa na mkono wowote wa Kiswahili sanifu. Kila mzee anapozikwa, kurasa kadhaa za kamusi huzikwa naye.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuunda jina, tuulize. Ua hili ni la Wasambaa, la Wataita, la Waluguru, na la majirani zao wa milimani. Mwenye lugha hizo na atuandikie linavyoitwa kwao, na Kiswahili kilichukue jina hilo bila aibu, kwani lugha hizo ni ndugu zake kwa nasaba na si kwa sura tu. Pili, pakikosekana jina litakalokubalika na wengi, tuunde kwa kutazama maisha ya mmea wenyewe. Mimi naweka mezani "mpendamwamba". Anayelipinga na alete bora zaidi, nitampisha kwa furaha. Ila asilete violeti. Tatu, walimu wa Kiswahili waliopo kazini wamwombe mwalimu wa biolojia wa shule yao kipindi kimoja cha pamoja, wanafunzi wakusanye majina kumi ya mimea kutoka kwa bibi na babu zao, kisha watafute kila mmea ni wa familia gani. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji daftari na heshima kwa wazee.

Kwa kuwa ukumbi huu hauridhiki na nathari peke yake, naacha ubeti mmoja, wenye kutaka kujibu na wajibu kwa vina vilevile:

Ua si la zambarau, wala si urujuani,
Vitabu vimesahau, jina lake la nyumbani,
Tuliite angalau, kwa ndimi za milimani,
Nasaba haina dau, haiuzwi madukani.

Wasalaam kutoka Nsemulwa, Mpanda.